Yule wa Pichani ni Nani?

Katika nyumba nyingi za Bukavu, iwe Kadutu au Bagira, iwe Ibanda au Nguba, kuna picha ukutani. Hapa utaona Moyo Mtakatifu wa Yesu na Bikira Maria. Pale picha ya arusi, picha ya mtoto siku ya Komunyo ya kwanza, picha ya babu aliyekwisha kufariki. Mgeni akiisha kuketi na kusalimu, macho yake huenda ukutani, naye huuliza: «Yule wa pichani ni nani?» Swali hilo ni la adabu, tena ni la akili. Mwenye kuuliza hivyo amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mtu ajuaye kutazama picha.

Leo tutalichukua swali hilo la sebuleni na kulipeleka mbali, mpaka Roma, Denmark na Hispania. Huko kuna picha na sanamu za watu weusi zilizofanywa miaka mia tatu hamsini iliyopita na zaidi, na baadhi yao walitoka Kongo, nao walikuwa Wakristu kama sisi. Watu wengi huzitazama kila mwaka, husema «nzuri kweli», kisha huenda zao. Lakini uzuri ni jambo moja, na haki ni jambo jingine. Picha yaweza kuwa nzuri sana, na yule aliyechorwa asitendewe haki hata kidogo.

Watu wengi hudhani kwamba picha ya mtu ni kazi ya watu wawili, yaani anayechorwa na anayechora. Sivyo. Wako watatu: anayechorwa, anayechora, na anayelipa. Mara nyingi huyu wa tatu, ambaye sura yake haionekani popote, ndiye anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Basi anayetaka kumpata yule wa kwanza hana budi kuuliza mambo matatu: jina lake nani, nani aliagiza picha hii, na jambo gani la maisha yake limeachwa nje. Tuyajaribu maswali hayo.

Mjumbe aliyefia Roma

Ufalme wa Kongo ulipokea Ubatizo zamani. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa, akaitwa João. Mji wake mkuu, Mbanza Kongo, ambao Wareno waliuita São Salvador na ambao leo uko Angola, ulifanywa makao ya askofu mwaka 1596. Lakini palikuwa na taabu moja kubwa. Askofu wa Kongo alichaguliwa kwa shauri la mfalme wa Ureno, na wakati ule taji la Ureno na la Hispania lilikuwa juu ya kichwa kimoja. Mfalme wa Kongo, Álvaro II, hakupenda mambo ya Kanisa katika nchi yake yapite daima mikononi mwa wafanya biashara na maofisa Wareno. Alitaka kusema na Baba Mtakatifu mwenyewe, uso kwa uso.

Kwa kazi hiyo akamtuma mtu mkubwa, jina lake António Manuel, wa ukoo wa Ne Vunda. Alitoka Kongo mwaka 1604. Leo mtu apandaye ndege hufika Roma kwa muda mfupi. Yeye alikaa safarini zaidi ya miaka mitatu. Alipitia Brazili, akapata hasara za baharini, akafika Lisboa, kisha akangojeshwa sana huko Hispania, maana wakubwa wa Madrid hawakupenda Kongo na Roma wajuane bila wao kuwa katikati. Wengi wa wenzake walikufa njiani. Alipoingia Roma mapema Januari 1608 alikuwa mgonjwa wa kufa. Papa Paulo V alimpa vyumba katika jumba la Vatikano, akaenda kumtazama kitandani. Ilikuwa imepangwa apokewe kwa sherehe siku ya Epifania, yaani sikukuu ya wale Mamajusi waliotoka mbali kumwabudu Mtoto. Kumbe usiku wa kuamkia sikukuu hiyo alifariki. Maandamano yaliyotengenezwa kwa kumpokea yakawa maandamano ya kumzika. Alizikwa katika Basilika la Maria Mkuu, lile lile ambamo Papa Fransisko alizikwa tarehe 26 Aprili 2025.

Sasa tutazame jinsi walivyomwonyesha. Kazi ya kwanza ni sanamu ya mawe ya rangi iliyochongwa na Francesco Caporale mwaka 1608, nayo iko mpaka leo katika Basilika hilo. Uso ni wa jiwe jeusi. Mabegani amevaa vazi la wavu, ambalo Wakongo waliliita nkutu. Halikuwa nguo ya kila mtu bali vazi la watu wakubwa. Pamoja na vazi hilo amechukua podo la mishale.

Katika kazi zote zilizofanywa juu ya mjumbe huyu, mimi naiona hii kuwa bora. Mchongaji hakupata nafasi ya kumketisha mbele yake kwa siku nyingi, kwa maana mjumbe alifika akiwa mgonjwa na akafa upesi. Hata hivyo hakumgeuza Mzungu. Alitafuta jiwe lifaalo kwa rangi ya ngozi yake, akalichonga kwa heshima ile ile ambayo mafundi wa Roma waliitumia kuchonga makardinali. Lile vazi la wavu alilitazama kweli, tundu kwa tundu. Mtu wa Mbanza Kongo kama angeingia kanisani siku ile angesema: «Huyu ni mkubwa wa kwetu.» Kwa msanii wa Ulaya wa wakati ule hilo si jambo dogo.

Lakini lile podo? Hapo nasita. Kweli mishale yaweza kuwa alama ya mkubwa na ya askari. Lakini huyu hakwenda Roma kupigana. Alikwenda na barua za mfalme wake. Kama angechongwa ameshika barua, kila apitaye angeuliza: «Barua hiyo ilisema nini?» Ameshika mishale, basi apitaye husema tu: «Mtu wa Afrika», na huendelea na safari yake. Ndivyo chombo kimoja kidogo kiwezavyo kulifunga swali kabla halijaulizwa.

Kazi ya pili ni picha iliyopakwa ukutani katika vyumba vya Papa Paulo V katika Maktaba ya Vatikano. Giovanni Battista Ricci ndiye aliyesimamia kazi hiyo, kama mwaka 1610 na 1611. Hapo tunaona Papa akimtembelea mjumbe kitandani. Ni tendo la huruma, nalo ni tendo la kweli: kumtembelea mgonjwa ni moja katika matendo ya huruma tuliyofundishwa katika Katekisimu. Lakini ukumbuke swali letu la pili: nani aliagiza? Kuta hizo zilipakwa rangi ili kusimulia matendo makuu ya Papa Paulo V. Kwa hiyo picha hii, ingawa Mkongo yumo, si picha ya Mkongo. Ni picha ya Papa, na Mkongo ni shahidi wa wema wake. Safari ya zaidi ya miaka mitatu, wenzake waliokufa, shauri la Kongo na Ureno, yote hayo yameachwa nje. Kimebaki kitanda.

Ipo na picha ya tatu, iliyochongwa kwenye bamba la shaba na kupigwa chapa mwaka 1608, kazi ya Raffaello Schiaminossi. Humo mjumbe amevaa nguo za kizungu. Basi mtu yule yule, mwaka ule ule, katika mji ule ule, mahali pamoja amevaa vazi la kwao na mahali pengine vazi la Ulaya. Ipi ni ya kweli? Naona zote mbili zaweza kuwa za kweli. Wakubwa wa Kongo walizoea mavazi ya namna zote mbili, kama vile mzee wa Bukavu awezavyo kuvaa koti siku ya Jumapili na vazi la kimila siku ya arusi ya binti yake. Kosa ni kuichukua picha moja na kusema: «Mtu mzima ni huyu tu.»

Na jina lake? Watu wa Roma hawakulizoea jina la António Manuel Ne Vunda. Walimwita Nigrita, maana yake, kwa kifupi, mtu mweusi. Fikirini jambo hilo. Mfalme alimchagua kwa ajili ya ukoo wake na akili yake, akavuka bahari, akafa kwa kazi yake. Na mwishoni mwa yote mji mzima ukamwita kwa rangi ya ngozi. Sanamu ilimpa heshima, na mdomo wa watu ukaipunguza. Hapo tunaona kwamba jiwe peke yake halitoshi kumlinda mtu.

Mjumbe mwenye kofia ya unyoya

Tuache Roma, twende kaskazini. Katika jumba kubwa la picha la taifa huko Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kuna picha ya rangi ya mafuta isiyotimia metre moja kwa urefu. Mtu mweusi, kijana kidogo bado, amevaa kofia pana yenye unyoya mkubwa, nguo nzito za thamani za Kiholandi, na mkanda wa upanga umepita kifuani. Anatutazama sisi. Hachekeshi wala haogopeshi. Anatutazama kama mtu aliyezoea kusikilizwa.

Huyu ni Dom Miguel de Castro. Alitumwa na Daniel da Silva, mkubwa wa Soyo, jimbo la ufalme wa Kongo lililo kwenye mdomo wa mto mkubwa, upande wa kusini. Waholandi walikuwa wameinyakua Luanda mwaka 1641, na mkubwa wa Soyo alikuwa na ugomvi na mfalme wake Garcia II. Akataka kupata marafiki. Basi Dom Miguel akavuka bahari mpaka Brazili, ambako Johan Maurits wa Nassau alitawala kwa ajili ya Waholandi, na kutoka huko akapelekwa Uholandi. Mwaka 1643 alikuwa Middelburg, katika nchi ya Zeeland, na huko ndiko alikochorwa.

Kwa muda mrefu picha hiyo ilidhaniwa ni kazi ya Albert Eckhout, mchoraji aliyekuwa Brazili pamoja na Johan Maurits. Wataalamu waliochungua zaidi wakaiondoa kwake, na leo huhesabiwa kuwa kazi ya Jaspar Beckx wa Middelburg. Mchoraji huyu hakuwa maarufu, wala jina lake halitajwi pamoja na wakubwa kama Rembrandt. Lakini kwa kazi hii nampa sifa. Huyu alipata jambo ambalo Caporale hakulipata: mtu mzima mwenye afya amekaa mbele yake. Naye hakuchora «Mwafrika». Alichora mtu huyu, mwenye paji hili la uso na macho haya. Ukikutana naye njiani ungemtambua.

Tuulize sasa: nani aliyelipa? Walioagiza picha walikuwa watu wa Kampuni ya Kiholandi ya biashara ya bahari ya magharibi. Kampuni hiyo haikuenda Angola kutafuta urafiki tu. Ilitaka watumwa kwa mashamba ya miwa ya Brazili. Katika miaka ile ile picha hii ilipopakwa rangi, maelfu ya watu wasio na kofia wala unyoya walisukumwa ndani ya merikebu zake. Wala tusijidanganye kwa kusema kwamba ubaya ulikuwa wa wageni peke yao: wakubwa wa Kongo na wa Soyo nao waliuza watu. Uso ule mtulivu wa Dom Miguel unazidi kuwa mzito mtu akiisha kujua hayo. Picha haiyasemi. Sharti mtazamaji ayalete mwenyewe.

Tena Dom Miguel hakuwa peke yake. Kando yake zipo picha mbili za vijana waliofuatana naye. Mmoja ameshika pembe ya ndovu. Mwingine ameshika sanduku dogo lililopambwa. Fundi ni yule yule, nguo ni nzuri, nyuso zimechorwa kwa uangalifu. Lakini angalieni mikono! Bwana wao mikono yake haibebi kitu. Vijana wamepewa mizigo. Na mizigo hiyo ni ya namna gani? Ni vitu ambavyo wafanya biashara walivitamani. Mchoraji ametuambia bila maneno: huyu wa kwanza ni mtu wa kusema naye, hawa wawili ni watu wa kuleta mali.

Hata hivyo, kwa neema ya Mungu, majina yao hayakupotea. Aliyeshika pembe aliitwa Pedro Sunda. Aliyeshika sanduku aliitwa Diego Bemba. Wasomaji wangu, jaribuni kuona tofauti. Kabla hatujajua majina tulisema «kijana mwenye pembe», kama vile tusemavyo «mlango wenye kufuli». Sasa tunasema Pedro, na mara moja tunaanza kuuliza: mama yake nani? Alibatizwa na Padri gani? Alirudi kwao Soyo au hakurudi? Jina halikuongeza hata tone moja la rangi kwenye picha, lakini limemtoa kijana kati ya vitu na kumrudisha kati ya watu.

Mtumwa aliyeshika karatasi

Mfano wa tatu si wa Kongo, ila unatufundisha yale ambayo miwili ya kwanza haikuweza. Mchoraji mkuu wa mfalme wa Hispania, Diego Velázquez, alikuwa na mtumwa aitwaye Juan de Pareja, mzaliwa wa Antequera katika Hispania ya kusini, mwenye damu ya Kiafrika. Alimsaidia bwana wake katika chumba cha kazi. Mwaka 1649 walisafiri pamoja kwenda Italia. Huko Roma, mwaka 1650, katika miezi ile ile alipomchora Papa Inosenti X, Velázquez alimchora pia Juan de Pareja.

Picha hiyo ilionyeshwa kwa watu katika Panteoni ya Roma mwezi wa Machi mwaka ule. Watu walishangaa. Hakuna pembe ya ndovu, hakuna podo, hakuna mzigo. Kuna mtu aliyesimama wima katika nguo za kijivu na ukosi mweupe, mkono mmoja umepita mbele ya mwili, na macho yake yako sawa na macho yetu. Mwandishi Antonio Palomino asimulia kwamba Velázquez alimtuma Juan aichukue picha yake mwenyewe awaonyeshe rafiki, nao wakatazama mara picha, mara mtu, wasijue waseme na nani. Jumba la Metropolitan la New York liliinunua mwaka 1970 kwa zaidi ya milioni tano za dola.

Hapa ndipo maswali yetu yanapouma. Velázquez alimchora kama mtu huru, na siku ile alipokuwa akimchora, Juan alikuwa mali yake. Je, picha hiyo ni ya kweli au ni ya uongo? Nafikiri mkono wa mchoraji ulikiri jambo ambalo karatasi za bwana zilikuwa bado hazijalikiri. Novemba ya mwaka ule ule wa 1650, huko huko Roma, Velázquez aliandikisha hati ya kumwacha huru, kwa sharti kwamba atumike bado miaka minne.

Palomino alisimulia habari nyingine, tamu zaidi: kwamba Juan alijifunza kuchora kwa siri, akaiweka picha yake mahali ambapo mfalme Filipo IV angeigeuza na kuiona, na mfalme akasema mtu mwenye kipaji kama hicho hawezi kuwa mtumwa. Watu waliisimulia hadithi hiyo kwa karne nyingi. Lakini hati ya Roma inaonyesha kwamba uhuru wake ulipatikana kwa njia nyingine. Tujifunze hapo: mtu wa pichani hupotezwa kwa njia mbili. Hupotezwa kwa kusahauliwa, na hupotezwa pia kwa kutungiwa hadithi nzuri. Sisi Wakristu, tunaopenda maisha ya watakatifu, tuiogope njia hii ya pili sawasawa na ya kwanza.

Juan de Pareja akawa mchoraji kweli. Mwaka 1661 alichora picha kubwa ya Bwana Yesu akimwita Mathayo Mtoza ushuru. Iko Madrid katika jumba la Prado. Upande wa kushoto amesimama mwanamume mwenye kututazama, naye ameshika karatasi. Mwanamume huyo ni Juan mwenyewe, na juu ya karatasi ameandika jina lake. Kwa ufundi, picha hii haifikii ile ya bwana wake. Watu wamejazana, na vitambaa vya thamani vinalipigia kelele jicho. Uso wake mwenyewe ameufanya kuwa mweupe zaidi kuliko Velázquez alivyouona, jambo ambalo linanihuzunisha kidogo, maana lanionyesha mzigo aliokuwa nao bado mabegani. Lakini mkononi mwake hamna podo wala pembe. Mna jina. Tena amejiweka ndani ya habari ya mtu aliyedharauliwa na watu, ambaye Bwana alimtazama na kumwita. Nani angemweleza Juan de Pareja vizuri kuliko hivyo?

Na kwetu je?

Msomaji wa Bukavu aweza kusema: «Mambo haya ni ya zamani, na picha zenyewe ziko Ulaya. Yanatufaa nini?» Yanatufaa sana, kwa sababu sisi nasi tunazo nyuso za kulinda.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo kwa jina la Baba Mtakatifu aliwatangaza Wenye Heri mashahidi wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin, wote watatu wa Shirika la Waksaveri, pamoja na Abbé Albert Joubert. Hao si watu wa karne za mbali. Wako wazee wa jimbo la Uvira waliowaona kwa macho.

Sasa wachoraji wetu wanaanza kuwachora, na wataendelea kuwachora. Nawaomba wakumbuke Roma na Middelburg. Wasiwape wote wanne uso mmoja wa mtakatifu wa kitabuni. Abbé Albert Joubert, kwa mfano, alikuwa mwana wa Kapteni Léopold Joubert, yule Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa na kisha akakaa kando ya ziwa Tanganyika kuwalinda watu na wafanya biashara ya watumwa; na mama yake alikuwa mwanamke wa Kiafrika. Mchoraji asimfanye Mzungu kwa urahisi wa kazi, wala asimfiche baba yake kwa urahisi wa maneno. Katika uso wake mmoja yamo mataifa mawili, naye alikuwa padri wa watu wote. Bruda Faccin naye asisukumwe nyuma kwa kuwa hakuwa padri. Alipigwa risasi mbele ya kanisa la Baraka, na Padri Carrara akachagua kufa kando yake kuliko kumwacha. Na wasimwonyeshe yeyote kati yao akifurahia kifo kama mtu asiyesikia maumivu. Hiyo ni hadithi tamu ya Palomino tena.

Liko jambo jingine, nalo latuhusu sote, hata tusiojua kushika kalamu ya rangi. Chukueni picha za zamani za misioni, zile zilizopigwa chapa katika magazeti na vitabu. Mara nyingi chini yake limeandikwa jina la Padri Mzungu, pengine na la Askofu. Na wengine? Wameandikwa «wakatekista», «Wakristu wapya», «waashi wa kanisa», «watoto wa shule». Ni Pedro Sunda na Diego Bemba wetu. Ndio waliochukua mawe ya kujenga makanisa yetu, ndio waliotembea kwa miguu siku nzima kufundisha sala, nao wamesimama pale katika jua wakitutazama, na hatujui tuwaite nani. Simlaumu mpiga picha aliyekufa zamani. Nasema tu kwamba kazi aliyoiacha haijakwisha, na wale wawezao kuimaliza wanapungua kila mwaka.

Katika Kivu yetu jambo hili ni zito kuliko mahali pengine. Tangu mwaka 1996 vita vimepita na kurudi. Nyumba zimeungua, watu wamekimbia na mfuko mmoja mkononi, na albamu ya picha si kitu cha kwanza mtu anachokikumbuka akikimbia. Mahali pengi picha iliyosalia ni moja tu. Kama na hiyo moja haina jina, basi mzee akifa inakuwa kipande cha karatasi, na siku moja mtu atainunua kwa sababu ni ya zamani, aitundike kwake, na mgeni akiuliza «Yule wa pichani ni nani?» atajibiwa: «Mtu wa Afrika.» Tumeona njia hiyo inaishia wapi. Inaishia kwenye neno Nigrita.

Basi nashauri kazi tatu ndogo. Kwanza, kila nyumba itoe picha zake ukutani na sandukuni, na nyuma ya kila moja iandikwe kwa kalamu ya risasi, isiyoharibu: jina la Ubatizo na jina la ukoo, mahali, na mwaka. Asiyejua mwaka aandike tukio, kwa mfano «kabla ya arusi ya Maria». Pili, vijana wa Chama cha Wakristu katika kila parokia wachukue picha za zamani za misioni, waende nazo kwa wazee, mmoja baada ya mwingine, wakae chini na kuuliza kwa heshima. Mzee akimtambua hata mmoja tu, hiyo ni siku ya baraka. Tatu, mwenye kumwagiza mchoraji picha ya mtakatifu au ya marehemu asimwambie tu «nifanyie nzuri». Amweleze mtu huyo alikuwa nani, alifanya kazi gani kwa mikono yake, na alipenda nini, ili mchoraji ajue cha kuweka mkononi mwake.

Mchungaji Mwema, asema Mtakatifu Yohane, huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Ne Vunda, aliyekufa kabla ya sherehe yake, aliitwa na Bwana kwa jina ambalo Roma haikuweza kulitamka. Sisi hatuwezi kufanya kazi ya Bwana, lakini kalamu ya risasi tunaweza kuishika. Jumapili hii baada ya Misa, wazee wangali wamekaa nje wakizungumza, ndiyo saa nzuri ya kuanza.